Kisomo cha Mtu Mzima na Hesabu ya Kazi Yake

Mkulima wa pamba wa Usukuma katika miaka ya mwanzo ya 1950, aliyekwisha kulima kwa jembe la mkono, kupalilia, kuchuma, kuchambua pamba safi mbali na pamba fifi, na kujitwika mizigo yake mpaka kituo cha kununulia, alifika mwisho wa taabu yake yote mbele ya kitu kimoja ambacho hakuweza kukihoji, nacho ni mizani ya mnunuzi. Sindano ilipanda na kushuka, karani akatamka idadi ya ratili, na mkulima akapokea fedha aliyopewa pamoja na stakabadhi ambayo machoni pake ilikuwa alama tupu. Dhuluma ya mizani ilikuwa lalamiko kubwa katika Jimbo la Ziwa, hata wakulima wakaweka watu wao wenyewe wa kusimama vituoni na kuikodolea macho ile sindano. Na katika jitihada hiyo ndimo ulimokulia ushirika wa pamba wa Victoria, uliosimamishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nayatanguliza haya kwa sababu wengi wetu, tusikiapo habari za kuwafundisha watu wazima, hufikiri mara moja juu ya herufi, barua na gazeti, ilhali historia ya nchi yetu ya Tanzania yashuhudia kwamba kiu ya mtu mzima afanyaye kazi huanza aghalabu katika tarakimu. Anataka kujua kama amelipwa haki yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, serikali changa yenye fedha haba ilikuwa na shauri zito la kukata: ama akiba yake iwaendee watoto, ambao matunda ya elimu yao yangeonekana baada ya miaka kumi au ishirini, ama iwaendee wazazi wao, walioshika jembe, nyavu na usukani siku ileile. Mwalimu Julius Nyerere, alipoueleza mpango wa maendeleo wa mwaka 1964, alitoa jawabu pasipo kuzunguka, kwamba watu wazima ndio wa kwanza, kwa kuwa wao ndio wawezao kuigeuza nchi sasa; na sensa ya mwaka 1967 ilipoonyesha ya kuwa watu wazima wapatao thuluthi mbili hawajui kusoma wala kuandika, haja ya jawabu lile ikawa dhahiri kwa kila mwenye akili. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisha wilaya sita, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, zikachaguliwa zitangulie kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya kumalizika mwaka 1971. Walimu wa shule za msingi, vijana waliomaliza darasa la saba, watumishi wa serikali na wananchi wengine wenye maarifa walikusanywa kufundisha, wengi wao kwa posho ndogo mno ambayo haikulingana kabisa na taklifu waliyobebeshwa.

Lakini kazi ambayo mimi naistahi kuliko zote ilikuwa imekwisha kuanza kimya kimya miaka miwili kabla ya hapo, katika mikoa iliyozunguka Ziwa Victoria. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, palifanywa jaribio la kile kilichokuja kuitwa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Waanzilishi wake waliacha kumpa mtu mzima kitabu cha mtoto, chenye picha ya kuku na mpira, wakatunga vitabu vya kwanza vya kusomea kwa kufuata kazi za watu: kitabu cha pamba kwa wakulima wa pamba, cha migomba kwa watu wa Bukoba, cha ng'ombe kwa wafugaji, cha uvuvi kwa wavuvi, na vingine juu ya mazao na maarifa ya nyumbani. Neno la kwanza ambalo mwanakisomo wa Usukuma alilisoma ubaoni lilikuwa neno alilokuwa akiliishi. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake hufuata utaratibu usiopotosha, kutoka katika neno moja la shambani mwalimu aliweza kutoa pa, pe, pi, po, pu, kisha ma, me, mi, mo, mu, na kwa muda wa miezi, si miaka, mtu akajikuta anasoma. Taabu ilikuwepo, wala si haki kuificha: wengi wa wanakisomo wale walisema Kisukuma, Kihaya, Kijita au Kikerewe nyumbani mwao, hivyo walijifunza lugha na maandishi yake kwa mara moja, mizigo miwili juu ya kichwa kimoja. Na somo la kusoma liliandamana na shamba la mfano, ambapo nafasi kati ya mche na mche ilipimwa kwa kamba na kuandikwa katika daftari, hesabu ikawa na udongo juu yake.

Msingi wa njia ile ulikuwa ni kumheshimu mwanafunzi kwa yale anayoyajua tayari, na msingi huo ndio ninaoutetea katika makala hii. Mtu mzima asiyejua kusoma si mtoto aliyechelewa. Mchuuzi wa nafaka wa pwani, hata kama hajapata kushika kalamu, alijua zamani kwamba vibaba viwili hufanya kisaga na visaga viwili hufanya pishi. Akajua kupima nguo kwa shibiri na dhiraa, akajua frasila ya karafuu itampa faida gani baada ya kutoa nauli ya jahazi. Mwashi ajua ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko wa saruji ili ukuta usipasuke. Mama lishe hupika kwa ajili ya watu ambao hajui idadi yao, akapima mchele, mafuta na mkaa kwa jicho, na jioni akajua kama siku imempa au imemnyima. Fauka ya hayo, katika Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Bagamoyo na Kilwa waliishi wazee waliosoma chuoni, wakiandika barua, hati na tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mkono mzuri, ambao mbele ya karani mwenye kujua herufi za Kirumi peke yake walihesabiwa kuwa si wasomi, wakaambiwa waweke dole gumba. Izara ile haikuwa yao.

Mwalimu asiyeutambua utajiri huu huanza darasa kwa kuubomoa. Chukua kutoa, ambako ndiko wengi huangukia. Muuza duka aliyepewa noti ya shilingi 10,000 kwa bidhaa za shilingi 6,350 hatoi kwa kupanga tarakimu juu na chini na kukopa kutoka safu ya jirani kama tulivyofundishwa shuleni. Yeye hupanda: hamsini, zimetimia 6,400. Mia sita, zimetimia 7,000. Elfu tatu, zimetimia 10,000. Chenji yako shilingi 3,650. Njia yake ni sahihi, ni ya haraka, na imejaribiwa kila siku mbele ya wateja wasiokubali kupunjwa. Mwalimu mwenye hekima huandika ubaoni hatua zile zile alizozisema mchuuzi, moja chini ya nyingine, mpaka mchuuzi aone kwa macho yake kwamba jambo analolifanya kwa mdomo laweza kukaa juu ya karatasi na kumngojea hata kesho. Mwalimu mkaidi humwambia hiyo si hesabu. Na mtu huyo, ambaye amewalisha wanawe kwa hesabu hiyo, huondoka na imani kwamba hesabu ni kitu cha watu wengine.

Yako makosa ambayo hurudi kila darasani, nayo yanastahili subira kwa kuwa yana sababu. Mwanakisomo akiambiwa aandike elfu tatu na tano huandika 30005, maana ameandika alichokisikia: elfu tatu, kisha tano. Thamani ya sifuri, yaani kazi ya alama isiyo na kitu kulinda nafasi ya kitu, ni maarifa ambayo wanadamu walichukua karne nyingi kuyafikia, na haifai kumkemea mama wa miaka 50 kwa kutoyapata kwa jioni moja. Dawa yake naiona katika noti na sarafu: elfu tatu hapa, mahali pa mamia patupu, mahali pa makumi patupu, tano pale, mkono ukagusa pengo kabla jicho halijaliandika. Na saa nayo ina mtihani wake. Simu huonyesha 13:00, nasi twasema saa saba. Tiketi ya basi huandikwa 06:00, na abiria huambiwa aje saa kumi na mbili alfajiri. Mwenye kusoma tarakimu bila kufundishwa tofauti hii ya saa sita aweza kuachwa na basi akiwa na tiketi mkononi, na akajilaumu bure.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la namna hii, lililokuwa likifanywa baada ya alasiri katika banda la soko, na jambo lililonikaa moyoni ni adabu yake. Mwalimu alikuwa binti wa umri wa wajukuu wa baadhi ya wanafunzi wake. Aliingia, akawaamkia, "Shikamooni wazee wangu," wakamwitikia marahaba, ndipo akashika chaki. Na tangu dakika ile wale wale walioitikia marahaba walimwita "Mwalimu" kwa taadhima kamili. Bibi mmoja alipokwama katika mstari alisema, "Mwalimu, jicho langu halipati." Binti hakumhimiza ajitahidi. Alimsogeza karibu na mwanga, akamwandikia upya kwa herufi kubwa, akamwomba mwenzake amwazime miwani. Niliona pale jambo ambalo mipango mingi ya elimu ya watu wazima imelisahau: mtu akipita miaka 40 jicho lake hupungua nguvu ya kuona kilicho karibu, na madarasa haya hufanyika jioni, mara nyingi penye taa hafifu, hivyo mtu aliyeandikwa kuwa ni mzito wa kuelewa huenda hakuwa na upungufu wowote isipokuwa wa miwani ya kusomea. Halmashauri inayonunua vitabu na chaki kwa ajili ya kisomo, isiponunua na miwani, imefanya nusu ya kazi.

Leo mizani ya mnunuzi imevaa sura nyingine. Tuchukue mfano wa mkopo wa mtaani, ule ambao wananchi wenyewe wameuita kausha damu. Mwanamke muuza mboga apewa shilingi 100,000, aambiwa arudishe shilingi 4,500 kila siku kwa siku 30. Elfu nne na mia tano ni fedha anayoweza kuiona kwa siku, hivyo akubali. Akijua kuzidisha atapata shilingi 135,000, yaani nyongeza ya 35,000. Na akizidi kidogo katika maarifa ataona jambo lililofichika zaidi, kwamba kwa kuwa alikuwa akipunguza deni kila siku, hakuwahi kukaa na laki nzima kwa mwezi mzima, bali kwa wastani alikuwa na nusu yake tu. Basi shilingi 35,000 ni gharama ya shilingi 50,000 hivi, kama kusema 70 kwa kila 100, kwa mwezi mmoja. Hesabu hii haihitaji aljebra. Yahitaji kuzidisha, kutoa, kugawanya, na mtu wa kuionyesha mara moja kwa utulivu. Kijana wa bodaboda apelekaye hesabu kwa tajiri wake kila jioni, aliyeahidiwa kwamba pikipiki itakuwa yake baada ya mkataba kuisha, naye yu katika hali hiyohiyo: asipoweza kuusoma mkataba na kujumlisha alichokwisha kulipa, umiliki wake umo katika daftari la mtu mwingine.

Simu nayo imeleta neema na hatari kwa pamoja. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikawafikia watu ambao benki haikuwajua kamwe. Lakini asiyesoma hulazimika kumpa wakala au jirani simu yake na namba yake ya siri, amwombe amtolee fedha, amsomee salio, amwambie makato ni kiasi gani. Siri iliyo mikononi mwa watu wanne si siri tena. Nimesikia wazee wakishauriwa wawe waangalifu na matapeli, shauri jema, walakini halimfai sana mtu ambaye hawezi kuusoma ujumbe wenyewe wa utapeli wala kuutofautisha na ujumbe wa kweli.

Kwa hiyo yafaa kukumbuka kwamba nchi hii iliwahi kuamua kumfuata mfanyakazi pale alipo. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo kwamba viwanda, mashirika na ofisi viwe na masomo ya wafanyakazi mahali pa kazi, na sehemu ya saa za kazi itengwe kwa ajili hiyo. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio na vijitabu vyepesi, wakasoma juu ya malaria na kuhara, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria kuwa chombo chenye kujitegemea, na mitihani ya taifa ya kisomo ikaanza. Matokeo yake yanajulikana: wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, asilimia 21 mwaka 1981, asilimia 15 mwaka 1983, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Ni nchi chache maskini duniani zilizopata kufanya hayo kwa muda ule.

Kisha tukarudi nyuma. Vita vya Kagera na dhiki ya uchumi iliyofuata vilikula fedha. Karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho hayakuwafikia tena wasomaji wapya, maktaba za vijiji zikabaki na makabati. Mtu aliyejifunza kusoma mwaka 1975 na asipate cha kusoma mpaka 1985 huyasahau aliyoyajua, wala si kwa uvivu. Viwandani, saa ya masomo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa pindi hesabu za mashirika zilipoanza kusumbua. Ada za shule zilizorejeshwa zikawafungia nje watoto wengi mpaka zilipofutwa katika shule za msingi mwaka 2001, na watoto wale sasa ni wazazi, wapagazi, walinzi, wachimbaji wa mchanga na wauza ndizi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma na kuandika.

Hukumu yangu ni kwamba tulishindwa katika kudumisha, wala hatukushindwa katika kufundisha. Na sehemu iliyodumishwa vibaya kuliko zote ilikuwa hesabu, ambayo katika madarasa mengi iliachwa iwe kiporo cha dakika za mwisho baada ya kusoma na kuandika. Katika KKK zetu tatu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ya tatu ndiyo inayomlipa mfanyakazi mapema zaidi, na ndiyo inayomrudisha darasani kesho yake kwa hiari yake. Anayeanzisha darasa leo na aanze na stakabadhi, mizani, tiketi, hati ya mshahara na daftari la kikoba. Herufi zitakuja zenyewe, maana zimo humo humo.

Mwenye kiwanda, mwenye shamba la chai au mkonge, mwenye kampuni ya ulinzi na mwenye hoteli wanaweza kuirudisha saa ile ya masomo bila kungoja agizo jipya. Nusu saa mara tatu kwa juma, ndani ya saa za kazi, mwalimu mmoja aliyelipwa kwa insafu, meza, taa na miwani kadhaa: gharama hiyo ni ndogo. Nawe msomaji, bila shaka unaye mtu, mlinzi wa lango lako au mama anayekuuzia maharagwe, ambaye amepata kukunyooshea simu akakuomba umsomee. Safari ijayo msomee, kisha muulize kwa upole kama angependa kujifunza mwenyewe. Akikubali, kaeni chini siku hiyohiyo, muanze na tarakimu za ujumbe ule ule alioupokea.